Hakuna Karatasi, Hakuna Jina

Mimi ndiye mwenye kalamu. Kila baada ya miaka mitano ukoo wa Heverin unakutana hapa kijijini kwetu Currabawn, Ijumaa hadi Jumapili, wengine wanatoka Cleveland, wengine Manchester, wengine Perth huko mwisho wa dunia, na Jumapili baada ya misa mimi Attracta napanda juu ya stuli na kuandika majina mapya katika karatasi ya ukoo. Karatasi yenyewe ina urefu wa mita kumi na nne. Tunaizungusha kwenye kuta za ukumbi wa shule, tunaibana kwa pini, na watu wazima na akili zao wanasukumana mbele yake kama wanafunzi siku ya matokeo. Nikishaandika jina nalisoma kwa sauti, na ndugu wa karibu kuliko wote aliyemo ukumbini anajibu, "Ni wetu." Akijibu, yamekwisha, mtu huyo ni Heverin milele. Asipojibu mtu, napiga mstari juu ya jina, nashuka.

Kanuni nayo ni yangu: hakuna karatasi, hakuna jina. Niletee cheti cha ubatizo, cha ndoa, cha kifo, orodha ya abiria wa meli, chochote chenye saini. Hadithi za bibi yako kazisimulie jikoni kwako. Msinione mkali bure. Mkutano wa kwanza, mwaka tisini na nne, kila mtu alikuja na mfalme wake mfukoni. Bwana mmoja wa Boston aliapa kwa Mungu kwamba babu yake alikuwa mkuu wa ngome. Nilipomtafuta huyo babu nikamkuta katika kitabu cha mahakama, kafungwa miezi sita kwa kondoo wa watu. Bwana hakuniaga. Shauri yake.

Ukoo si wa kwetu, nimeolewa nao. Mwenye ukoo ni mume wangu Festus, na yeye hata kuutazama huo ukuta hautazami. Kazi yake siku za mkutano ni magari: anasimama kwenye shamba letu na kofia yake iliyolowa, anawaonyesha Wamarekani pa kuegesha ili wasizame kwenye matope. Ana miaka themanini na minne, nyonga moja mbovu, na maneno kumi kwa siku, manane kati ya hayo anawapa ng'ombe. Kijiji kizima kinaniita Mama Sabina. Festus peke yake ndiye huniita Attracta, kama karani wa posta.

Na kwa kuwa nimemtaja Sabina, niwaambie kinyongo changu na huyu mzee, maana nimekitunza vizuri. Huku kwetu majina ya watoto hayachaguliwi, au tuseme hayakuwa yakichaguliwa zamani. Binti wa kwanza ni haki ya mama wa mke. Mama yangu aliitwa Honor. Binti yangu alipozaliwa, mwaka sitini na tatu, nilimwambia Festus tunamwita Honor, nikageuka upande wa pili nilale, kwa sababu hilo halikuwa swali. Festus, mtu ambaye hajanikatalia hata rangi ya mlango, akasema hapana. Huyu ni Sabina, jina la mama yake yeye. Nikabisha, nikalia, nikagoma kula, akasimama pale pale kama nguzo. Mama yangu akaja kumwona mtoto, akauliza jina, akaambiwa. "Zuri," akasema, akamaliza chai yake, akavaa koti. Alikufa hana mjukuu wa jina lake, maana baada ya Sabina nilizaa wavulana wawili basi. Hicho ni kiburi cha akina Heverin, nilijiambia. Sikumsamehe, na wala sikumwambia kwamba sijamsamehe. Nilimpikia tu, miaka hamsini na sita.

Sasa tuje kwa Darlene.

Alinifuata Ijumaa mchana nikiwa bado nabana pini. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, nesi mstaafu, koti la mvua la njano, faili la plastiki kifuani.

"Shikamoo, Bibi Attracta. Mimi Darlene, wa Cleveland. Mjukuu wa Delia."

"Marahaba. Delia wa Anthony wa kilimani. Yuko pale, karibu na swichi ya taa. Umeshajiona?"

"Nimejiona. Nimekuja kwa ajili ya mwingine. Aliyezaliwa kabla ya Owen."

"Kabla ya Owen hakuna mtu, mama. Owen ndiye mtoto wa kwanza wa Anthony, 1899."

"Bibi yangu alikuwa kitandani, siku mbili kabla hajafa," akasema. "Akanishika mkono hapa. Akasema, 'Kabla ya Owen alikuwepo Myles.' Alisema mara tatu."

"Una karatasi?"

"Nina kijitabu chako."

Akakitoa kwenye faili. Nilikiandika mwaka elfu mbili na tatu, jinsi ya kutafuta wahenga wako, kurasa arobaini, kinauzwa pale mlangoni. Ukurasa wa tisa ameupiga mistari ya kalamu nyekundu. Ukurasa huo ndio fahari yangu, nisiwafiche. Wataalamu wa Dublin wamekuja kunihoji kwa ajili yake. Unasema hivi: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la bibi mzaa mama, kwa hiyo ukikuta nyumba ambayo jina limerukwa, usipite. Kuna mtoto aliyetangulia, akalichukua jina lile akaenda nalo. Katafute.

"Baba yake Anthony aliitwa Myles," Darlene akasema. "Owen ni jina la upande wa mama. Jina limerukwa. Myles yuko wapi, Bibi?"

Watu walishaanza kusogea. Nikipandisha sauti watu husogea, na nilikuwa nimepandisha.

"Nimeandika katafute. Sikuandika kabuni."

"Nimetafuta miaka kumi na moja. Alizaliwa amekufa. Hakubatizwa. Angeandikwa wapi?"

"Kama hakuandikwa, na mimi siandiki."

Fintan, mwenyekiti wetu, mtoto wa mdogo wake Festus, alikuja mbio na kikombe cha chai mkononi. Ni mwalimu, hapendi ugomvi, anapenda kila mtu apate biskuti. "Mama mkubwa," akaninong'oneza, "labda kwa penseli, kidogo tu, pale pembeni?"

"Kwa penseli huandikwa orodha ya sukari na sabuni, Fintan. Niondokee."

Darlene hakulia wala hakukasirika, na hilo lilinichosha zaidi. Alikunja kijitabu akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anauliza choo kiko wapi: "Mtoto wa namna hiyo, hapa kwenu, alizikwa wapi?"

Kila aliyezidi miaka sitini alitazama viatu vyake.

Kila mtu hapa anajua wapi. Panaitwa Killeen, ni kiuwanja kwenye ncha ya shamba letu, duara la mawe na miti ya miiba. Asiyebatizwa hakuruhusiwa kuzikwa makaburini pamoja na Wakristo. Baba alimbeba mwenyewe, peke yake, ndani ya sanduku lolote la mbao lililokuwepo nyumbani, kabla jua halijachomoza, akachimba, akaweka jiwe jeupe lisilo na maandishi, akarudi kukamua ng'ombe. Mama hakwenda. Padri hakwenda. Habari haikusemwa tena, na walikuwa wanasema ni kwa ajili ya huruma.

Niseme tu, maana sasa wilaya nzima inajua. Mwezi Machi mwaka sitini na moja nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, nyumbani, siku nzima na nusu. Hakulia. Mkunga, Bibi Ruttledge, alimfunga kwenye taulo akatoka naye nikiwa nimelala chali natazama boriti. Aliporudi alisema, "Usiulize kitu, mwanangu, utapona haraka." Basi sikuuliza. Festus alirudi asubuhi, akanawa mikono muda mrefu kwenye beseni, akaenda kwa ng'ombe. Wiki ile ile nilisukuma kabati la vyombo likaziba dirisha la jikoni linalotazama Killeen. Festus alikuta giza, akawasha taa, akala viazi vyake. Hatukusema neno, si siku ile wala siku nyingine. Sikuwa na huzuni. Watu wakisikia hivyo wananionea huruma, lakini ni kweli, sikuwa na kitu chochote. Palikuwa na ganzi, na ganzi haiumi. Unaweza kuzaa juu yake, kulea juu yake, hata kuandika vijitabu.

Kwa hiyo Darlene alipouliza swali lake niligeukia ukuta nikaendelea na pini. Nikasikia sauti mlangoni.

"Nitampeleka mimi."

Alikuwa Festus, maji yanamtiririka kofiani, fimbo ya kuongozea magari mkononi. "Kesho," akasema. "Wengine wakienda ngomeni."

Jumamosi basi lilichukua watu kwenda kwenye gofu la ngome, ambalo ni ukuta mmoja na nusu na kinyesi cha kondoo. Mimi huwa naenda nao kuwakatisha uongo. Safari hii nilimwambia Fintan nina kazi ya mikate, nikarudi nyumbani, nikawakuta Festus na yule mwanamke wanaanza kushuka shambani. Nikavaa mabuti. Nilijiambia nakwenda kwa sababu ya nyonga ya Festus, kwamba akianguka kule Darlene hataweza kumwinua. Nesi. Amewainua watu miaka arobaini. Lakini hicho ndicho nilichojiambia.

Njia nzima walizungumza habari za ng'ombe. Mimi nilikuwa nyuma.

Sikuwa nimekanyaga pale maisha yangu yote. Nilitarajia vichaka na upupu hadi kiunoni, kama Killeen za vijiji vingine. Nikakuta pamefyekwa. Nyasi fupi, miti ya miiba imepunguzwa matawi ya chini ili mtu apite bila kuinama, na mawe meupe yamesimama wima kwenye safu, yameoshwa. Kama thelathini hivi. Ndipo nikaelewa Festus huwa anakwenda wapi na panga kila mwezi wa Aprili anaposema anakwenda kutazama uzio.

Akaanza kuonyesha kwa fimbo. "Huyu ni wa Ruane wa darajani. Hawa wawili mapacha, wa fundi cherehani. Huyu wa polisi, alikuwa na mke kutoka Kerry. Yule pale mama yake alikuwa hajaolewa, sitamtaja."

"Umejuaje?" Darlene akauliza.

"Niliwauliza baba zao."

"Wakakuambia?"

"Si siku moja." Akafikiri. "Mnadani. Msibani. Ukisimama na mtu mnatazama mnyama, baadaye anasema."

Alisema maneno mengi kuliko niliyoyasikia tangu Krismasi. Akaingiza mkono kwenye koti akatoa daftari. Nalijua daftari lile: dogo, jalada jekundu, limefungwa na mpira. Ni daftari la ng'ombe, la kuandikia tarehe ya kupandishwa na tarehe ya kuzaa. Amekuwa nayo mengi ya aina ile, yanakaa juu ya friji, na sijawahi kulifungua hata moja, mimi niliyefungua kila daftari la ubatizo kutoka hapa hadi Galway. Hili lilikuwa la zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Ndani alikuwa amechora kiuwanja, mawe yote na namba, na kila namba na maelezo yake.

"Kumi na saba," akasema. Akatembea hadi kwenye jiwe karibu na ukingo. "Owen mzee, kaka wa bibi yako, alinileta hapa mwaka sitini na nane. Yeye aliletwa na baba yake Anthony akiwa kijana. Anthony alimwambia, 'Huyu ni kaka yako Myles, umjue.' Nikaandika. Owen akatia saini."

Darlene alipiga magoti pale pale kwenye tope na koti lake la njano. Aliweka kiganja juu ya jiwe kama anapima homa. Akalia kwa sauti, Kimarekani, bila aibu. Nikamtazama nikawaza kwamba suruali ile haitatakata. Kweli, hilo ndilo nililowaza.

Halafu mdomo wangu ukasema wenyewe. "Letu ni lipi?"

Festus hakushtuka. Akanitazama kidogo, kisha akanyoosha fimbo nyuma yangu. Nilikuwa nimelipita. Lilikuwa la kwanza kabisa mlangoni, chini ya mti mdogo wa miiba, jiwe lenye ukubwa wa mkate. Ukisimama pale unaliona dirisha la jikoni kwetu, na mgongo wa kabati ndani yake.

"Namba moja," akasema, akanipa daftari.

Sikuwa na miwani. Darlene alinyanyuka, akajifuta pua, akanivisha ya kwake. Mwandiko wa Festus ni mkubwa, wa mtu aliyeacha shule darasa la sita. Ulisema: *1. Wetu. 9 Machi 1961. Sanduku la siagi. Honor.*

Nikasoma tena. Nikamgeukia.

"Ni wa kike?"

"Ndiyo."

"Alikuwa wa kike?"

"Attracta," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona amechanganyikiwa. "Hukuambiwa?"

"Nani aniambie?"

"Bibi Ruttledge. Nilidhani Bibi Ruttledge alikuambia. Alikuwa na wewe."

"Aliniambia nisiulize."

"Na mimi aliniambia nisikutajie, mpaka uulize mwenyewe." Akavua kofia, akaivaa tena. "Nikasubiri."

Mvua ilikuwa inaanza. Darlene alikuwa amesogea mbali, anajifanya anasoma mawe ambayo hayana maandishi. Mimi nilikuwa nimesimama na miwani ya mtu usoni, nahesabu kwa vidole. Binti wa kwanza ni haki ya mama wa mke. Jina limerukwa. Kuna mtoto aliyetangulia, akalichukua jina lile akaenda nalo. Ukurasa wa tisa. Nimewafundisha watu wa mabara matatu kusoma nyumba za wenzao, na katika nyumba yangu mwenyewe, jina lililorukwa likikaa mezani kila siku likila uji, niliona kiburi tu.

"Ndiyo maana ulikataa," nikasema. "Sabina alipozaliwa."

"Jina lilikuwa la mwenzake. Ningemnyang'anyaje?"

"Miaka hamsini na sita nimekununia, Festus."

"Najua."

"Mama yangu alikufa anadhani sikumpenda."

"Hapana," akasema. "Mama yako nilimwambia."

Nikamtazama.

"Alikuja kumwona Sabina. Nikamsindikiza hadi barabarani. Nikamwambia jina lako lipo, limeshatumika. Akaniomba nimlete hapa, nikamleta. Akaniambia, 'Mwache Attracta aulize mwenyewe.'" Akatazama ardhi. "Sote tulikusubiri wewe."

"Mjinga wewe," nikamwambia. "Mjinga, mpumbavu, kichwa maji."

"Ndiyo," akasema Festus.

Nilitarajia kitu. Nilisimama pale nikakisubiri kwa heshima zote, machozi, au kuanguka, au hasira hata ya kumpiga na fimbo yake. Hakikuja. Nikarudisha miwani. Nikarudi nyumbani kukata mikate ya sandwichi, mia moja na ishirini, ya nyama ya nguruwe na ya mayai, nikaikata yote sawasawa.

Jumapili misa ikaisha, ukumbi ukajaa, mikate ikaliwa. Sabina alikuwa kwenye birika la chai, amekuja kutoka Galway, hajui lolote. Sikumwambia. Sikuwa na maneno ya kumwambia, na kalamu ilikuwa inanisubiri. Nikapanda stuli. Nikaandika kwanza waliozaliwa, kisha waliokufa, na kila nikisoma watu wakajibu "Ni wetu," wengine wanacheka, wengine sauti zinakatika. Kisha nikasogeza stuli hadi kwenye swichi ya taa na kuandika kabla ya Owen: Myles.

"Samahani!" Alikuwa bwana wa Boston, yule yule wa kondoo. Anakuja kila mara kunitafutia kosa. "Hilo lina karatasi?"

"Mama mkubwa," Fintan akasema kwa unyonge, "mtu akiuliza, lazima tujibu."

Nikainua daftari jekundu juu.

"Hilo ni daftari la ng'ombe!" akasema wa Boston.

"La ng'ombe ndiyo. Lina tarehe, lina saini ya kaka wa marehemu, na shahidi wake yu hai, amekaa pale nyuma na mabuti yake machafu. La babu yako lilikuwa la mahakama, kama unataka nilisome."

Watu wakaangua kicheko, akakaa. Nikasoma: "Myles Heverin, wa Anthony na Bridget, kabla ya 1899."

"Ni wetu," akasema Darlene. Nusura aimbe.

Hapo ningeweza kushuka. Fintan alishaanza kukusanya vikombe. Nikaburuta stuli hadi mwisho wa ukuta, kwenye kona ya Festus na mimi, na nikakuta hakuna nafasi. Mwaka tisini na nne nilimwandika Sabina pembeni kabisa mwa karatasi, herufi ya kwanza inagusa ukingo, kana kwamba nilitaka kuhakikisha hapati mtu wa kumtangulia. Nikasimama pale juu na kalamu. Kanuni niliitunga mimi, na nilijua sasa niliitunga dhidi ya nani.

"Mama, vipi?" Sabina akaita kutoka kwenye birika.

Festus alikuwa amesimama tayari. Alikuja katikati ya ukumbi kwa nyonga yake, tok, tok, akaniomba daftari, akatoa kisu chake cha kukatia kamba za nyasi, na akakata ukurasa wa kwanza taratibu, kwenye mshono kabisa. Akanipa pamoja na pini mbili. Nikaubana ukutani, pembeni ya karatasi ya ukoo, juu ya rangi ya ukuta. Nikavuta mstari kutoka kwetu hadi kwake.

"Honor Heverin," nikasoma. "Wa Festus na Attracta. Tisa Machi, sitini na moja."

Kikombe kikaanguka upande wa Sabina.

Nikasubiri jibu, kama ninavyosubiri siku zote, nikitazama mbele. Hakuna aliyejibu. Nikamtazama Festus, alikuwa ananitazama mimi, mdomo ameufunga, mtu yule yule wa kusubiri. Nikautazama ukumbi, nyuso mia mbili zimeinuliwa. Ndipo nikakumbuka ndugu wa karibu kuliko wote ni nani.

Mmewahi kukalia mguu hadi ufe, kisha mkasimama? Haumi wakati umekufa. Unauma unapofufuka. Uchungu ulianzia chini, magotini, ukapanda tumboni mahali pale pale, ukafika kooni, na nikasikia mtu analia ukumbini kwa sauti mbaya, ya mnyama, nikataka kumwambia anyamaze, watu wanasoma majina. Nikashika ukuta.

"Ni wangu," nikasema. Si hivyo tunavyojibu. Sikuweza kusema vingine. "Ni wangu. Ni wangu huyo."

"Ni wetu," akasema Festus chini yangu, na ukumbi mzima ukalirudia.

Akainua mkono wake mkubwa akanishika kiuno, kwa sababu stuli ilikuwa inacheza.

"Shuka polepole, Mama Honor," akasema. "Nimekushika."